Nimeitwa Mara Tatu

Miaka ishirini na tisa nimesimama mlangoni
pa mahakama ya mwanzo, nikiita.
Jamhuri dhidi ya Kahindi. Mara ya kwanza.
Sauti ilishuka ngazi, ikampita muuza karanga,
ikagonga mawe makubwa ya Mabatini, ikarudi na mtu.
Asiyeitika mara ya tatu,
shauri lake husikilizwa bila yeye.

Mwezi wa Machi ukanijia mkwaruzo.
Nikasema vumbi. Nikasema baridi ya ziwa.
Nikatafuna tangawizi hadi ulimi ukagoma.
Hakimu akauliza, "Karani, umemeza msumeno?"
Nikacheka. Kicheko kikatoka nusu
kama droo iliyokwama.

Kule Bugando, kilimani, kamera nyembamba
ilipita puani ikafika ninapoongelea.
Nyuzi mbili nyeupe, alisema Daktari Kokuhirwa,
na wa kushoto una kidonda cha ukubwa wa punje ya ulezi.
Punje! Na mimi nina kilo tisini.
"Tumeuwahi," alisema,
nami nikasikia: faini, si kifungo.

Halafu akaniwekea mezani mashauri mawili.

La kwanza la zamani, limezoeleka:
mwale wa kulia, mwale wa kushoto,
hukutana katikati ya shingo
kama mashahidi waliopatana.
Siku ishirini na nane, wikiendi mapumziko.
Katika kumi, tisa hupona.
Ila miale hiyo haibagui. Hugusa na mishipa minene
inayopandisha damu kichwani,
na mishipa haisahau; miaka kumi, kumi na tano,
huenda ikasinyaa.

La pili jipya: mashine inakuzunguka,
inabana mwale, inaulegeza, inabana tena,
mishipa ikaachwa kivulini.
Nilitaka kupiga meza: hilo!
Baba aliangushwa na kiharusi kwenye pamba,
nikiwa darasa la nne.
Gunia lilibaki limesimama, yeye hakusimama.

Ndipo akaingia Mbuke, binti wa fizikia,
kalamu ya kijani sikioni.
"Mwangaluka, baba." Nikatikisa kichwa.
Akachora shingo yangu nyuma ya risiti ya maabara.
"Ile ya kwanza ni mkeka," alisema. "Hii ni sindano.
Kwenye mkeka ukijigeuza bado umelala mkekani.
Sindano inataka utulie. Ukimeza mate
koromeo linapanda, linasimama
kama mshitakiwa ambaye hajaambiwa asimame.
Tena waliopita njia hii miaka ishirini iliyopita
ni wachache mno, hatuna wa kuwauliza."

Sijapata kumsikia wakili
akitaja udhaifu wa kesi yake mwenyewe.

Nikaomba kalamu. Nikaandika: IZUNGUKE.
Chini yake, kwa herufi ndogo: nitajifunza kutomeza.

Perpetua alinifundisha jikoni, saa mkononi,
huku akikaanga sangara makusudi.
Mate yakanijaa. Nikashindwa kwa sekunde thelathini,
kwa arobaini, kwa dakika moja na kidogo.
Akasema, "Mwanamume amelala njaa kwa ajili ya nyumba hii,
sembuse mate?"

Nina uso wa pili sasa, wa plastiki, matundu matundu,
walioufinyanga juu ya huu ungali wa moto.
Wanaubana mezani, mabega na yote.
Mashine inapita juu yangu ikinung'unika.
Haina harufu. Haiumi.
Kinachouma huja usiku, nikinywa uji.

Leo ni siku ya kumi na saba.
Ngozi ya shingo imeiva kama zambarau.
Muuguzi kijana anatokea mlangoni na faili:
"Lutonja Ng'wandu."
Anaita vibaya. Anakula silabi ya mwisho,
anaiambia karatasi badala ya ukumbi.
Mara ya pili. Mama mmoja wa Ukerewe
ananigusa kiwiko: si wewe?

Ni mimi. Mkono ningeweza kuuinua.
Nangoja ya tatu,
nisikie jina langu linavyofika.