Farasi Mia Mbili na Ndoo ya Asali

Kadi ya gari inasema: nguvu ya farasi mia mbili na arobaini.
Mimi mzaliwa wa Isevya
farasi nimemwona kwenye kalenda ya bima tu.
Punda ndiyo. Ng'ombe wa plau ndiyo.
Leo nina zizi zima chini ya boneti,
na kila alfajiri nalifungua taratibu
nisimwamshe mama mkwe.

Haliamki kimya. Linakohoa mara mbili,
kisha linatulia na mngurumo
kama mtu anayesaga karanga ndani ya pipa.
Kuku wa jirani wanatawanyika:
wanajua hao wanakwenda shule.

Kiti cha nyuma ni cha wawili na wa tatu wa kubishaniwa.
Wande dirisha hili, Lugembe dirisha lile,
Nyanzobe katikati, magoti kidevuni,
ameshika bakuli la michembe kama usukani.
"Mama, washa turbo!"
Turbo haiwashwi, mwanangu, huitwa ikaja,
na hapa mbele kuna tuta,
na nyuma ya tuta kuna tuta,
na katikati yake mzee na baiskeli ya mkaa
ambaye hana haraka na mtu.

Matuta nayapanda mshazari, gurudumu moja moja.
Hata hivyo tumbo linakwaruza.
"Samahani," nasema kwa sauti,
na watoto hawashangai tena
mama yao kuomba radhi chuma.

Mihayo alitaka Noah.
Alipiga hesabu nyuma ya risiti ya mbolea:
Noah, watu wanane na mizigo yao.
Hili lako, watu watano, na wawe wamepatana.
Sikuwa na jibu. Nilisema tu
mlango wa nyuma unafunguka juu,
ukilaza siti gunia mbili zinaingia.
Ni moja na nusu. Anajua. Alinyamaza.

Fundi Sadala naye, chali chini ya injini,
miguu yake tu ndiyo inayozungumza nami:
"Hili liliumbwa kwa lami, dada.
Wewe unalilisha mchanga."
Akanitajia bei ya shokapu.
Mwezi ule tulikula dagaa kwa namna nne.

Jumamosi tulikwenda Sikonge kufuata asali ya mama mkwe,
ndoo ya lita ishirini, imejaa hadi shingoni.
Kurudi alikaa mbele, mkanda umemkata kifua,
kitenge kimefunika magoti.
Lami tupu. Miombo huku, miombo kule.
"Hili ndilo wanalosema lina mbio?"
Ndiyo, mama.
"Mbona mimi sizioni?"

Nikashusha hadi gia ya tatu.
Nikangoja pumzi moja, ile pumzi ya turbo kuvuta hewa,
halafu farasi wote wakatoka zizini kwa mlango mmoja.
Miti ikawa ukuta. Migongo ikanata kwenye viti.
Nyuma hakuna aliyegombana na mwenzake.
Nilihesabu hadi sita, nikaachia mguu,
nikaogopa kumtazama.

Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili
na anacheka bila sauti, machozi yanamtoka,
mama huyu ambaye miaka tisa
hajawahi kusifu hata ugali wangu.

Harufu ndiyo iliyotufikia kwanza.
Mfuniko ulikuwa chini ya siti,
asali imeingia kwenye spea, kwenye jeki,
kwenye daftari la hesabu la Lugembe.

Jumapili nyuki walikuja kuidai.
Jumatatu tulikwenda shule kwa miguu,
gari limebaki uani linavuma
bila mtu kuwasha ufunguo.

Mama mkwe alisimama mbali, khanga kichwani,
akachungulia ndani ya ndoo.
"Nusu," akasema. "Nusu imekwenda na mbio."
Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.
"Safari ijayo," akasema,
"mfuniko nitaukalia mwenyewe."