Asiye Mtendaji

Barua ya uteuzi ilisema hivyo: mjumbe asiye mtendaji.
Shemeji Nannauka akaisoma mara mbili, akacheka:
"Yaani unalipwa posho ili usitende?"
Ndiyo, shemeji. Na kutotenda nako ni kazi.

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani,
chama cha msingi, Newala, vumbi la korosho hadi kwenye kope.
Kilichomo ndani ya kidonge sikijui.
Nalijua gunia lililotiwa mchanga.
Najua mkulima anavyoukodolea macho mshale
karani anapoangalia pembeni.

Kila robo mwaka bahasha ya Baraza inashuka na basi la asubuhi,
kurasa mia mbili na kumi.
Nazisoma usiku, mabati yakilia kwa baridi.
Maneno yamevaa nguo nyingi, nayavua moja moja:
"mshiriki" ni mtu kama Bi Sikudhani,
aliyekuwa akiniletea korosho zake kichwani;
"kiungo kilichoathirika" ni mguu, mzito kama kinu;
"usumbufu mdogo" ni kuamshwa saa sita usiku utolewe damu,
kwa kuwa vijidudu vya matende hutembea watu wakilala.

Kikao cha Machi, Mtwara mjini. Feni moja, inasuasua.
Ajenda namba saba: utafiti wa dawa ya matende, kuongezewa muda.
Menejimenti imeridhika.
Viambatisho: fomu za ridhaa arobaini na tatu,
dole gumba, wino wa zambarau.
Wenzangu wakageuza kurasa kama wanapepea jiko.
Mimi nikarudi nyuma. Nikarudi tena.
Kovu.
Limelikata dole kwa mshazari, kama njia ya mkato shambani.
Ukurasa wa tisa. Wa kumi na nne. Wa thelathini.
Mimi nimelipa watu kwa dole, jamani,
nimewahi kuona dole la marehemu likija kudai malipo ya pili.

Nilitaka kuinuka, nidandie bodaboda
hadi kijiji kile, nishike mikono, mmoja baada ya mwingine.
Lakini barua ilishasema mimi ni nani.
Nikawasha kipaza sauti.
"Mwenyekiti, swali. Watu hawa arobaini na tatu
wana madole gumba mangapi?"

Feni ikasikika.
Dakta Mchekenje, mkurugenzi, mtu mwema, akavua miwani.

Utafiti ukasimamishwa. Wakaguzi wakatumwa.
Kwenye kumbukumbu za kikao mimi ni mstari mmoja:
*Mjumbe alitaka ufafanuzi.*

Juni, watu wanapuliza salfa, Bi Sikudhani huyo mlangoni,
kavuka mabonde mawili,
mguu kaufunga kanga iliyofutika jina.
"Gari la dawa haliji tena.
Mguu ulishaanza kunywea, mwanangu,
kiatu kilibaki kidogo tu kiingie.
Nasikia wewe uko kwenye baraza lao. Waulize."

Sikumwambia kwamba nilishauliza.
Nilisema: "Walikuomba dole?"
"Dole la nini? Yule kijana alisema tusijisumbue,
wino hautoki upesi, atatusaidia."
Akanyoosha mkono niutazame.
Dole halina kovu. Halina hata mistari:
miaka ya kubangua, utomvu wa korosho
umeila yote, laini kama kokoto ya mtoni.
Hata angeulizwa, angeacha alama gani?

Bahasha ya robo ya tatu iko mezani.
Ajenda namba nne: maombi ya kuanza upya.
Kabla ya yote kuna tamko la maslahi,
nami nitanyoosha mkono, niseme
namfahamu mtu mmoja, na mguu wake.
Huenda wakaniomba nitoke nje ya chumba.
Nitatoka.

Ila kiatu ameniachia. Cha kulia, kipya,
bado kina karatasi iliyosokotwa ndani.
Alisema kwake panya wengi,
nimtunzie.