Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Mimi ndiye karani. Naandika yaliyosemwa;
yasiyosemwa hayana safu kwenye fomu.

Jumanne ya pili ya Desemba, saa moja jioni,
ukumbi wa baraza, mji wa Wendlin, Nebraska.
Madiwani saba, birika moja la kahawa,
hita inayokohoa kama mvuta kiko,
na nje theluji ikianza kidogokidogo,
kama mgeni abishaye hodi akiomba asiitikiwe.

Ajenda namba saba: kuku.
Kuku wamekula kurasa zangu kumi na moja.
Wangapi kwa kaya? Wanne, sita, au wanane?
Bi Bernadine Vrbka akataka sita.
Bwana Kermit Ohlsen akasema: leo sita, kesho mbuzi,
keshokutwa tutaamkia ng'ombe kwenye kituo cha mafuta.
Watu wakacheka. Kicheko sikukiandika.
Jogoo akapigwa marufuku bila wakili.
Kila kuku apewe futi nne za mraba,
hewa, kivuli, na maji yasiyoganda.
"Yasiyoganda," akakazia Meya Petska,
"hilo neno liingie."
Likaingia.

Akaja mbele Tamsin Kubik, miaka tisa,
amekumbatia boksi la karatasi za printa.
Kifuniko kikainuka chenyewe. Kuku mwekundu
akatoa shingo, akamtazama mwanasheria wa mji
kwa jicho moja, kama wafanyavyo wakikushuku.
Hata Ohlsen akalegea.
Sita kwa mmoja. Imepita.
Dakika hamsini na mbili.

Safu ya nyuma alikuwa ameketi Lyle Zabka,
buti zimemwaga dimbwi chini ya kiti,
kofia gotini, midomo ikicheza:
alikuwa akifanya mazoezi ya sentensi.
Tulipofika kwa jogoo, simu yake ikatetemeka.
Theluji inchi mbili. Zamu.
Akaikunja sentensi yake pamoja na karatasi
akatoka, akiufunga mlango taratibu
kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Ajenda namba nane: watumishi, likizo ya ugonjwa.
Siku zilizolimbikizwa zisizidi thelathini.
Zinazozidi zifutwe mwaka ukiisha.
Haba na haba, tuliambiwa tulipoajiriwa;
leo kibaba kimetobolewa kitako.

Lyle alikuwa na siku sitini na moja.
Najua, daftari la likizo ni langu pia.
Miaka ishirini na mitatu juu ya greda,
akikohoa, akipiga chafya, akichechemea,
hakuwahi kuumwa kwenye karatasi.
Alikuwa anamwekea Marjean, mkewe:
Januari, Omaha, upasuaji wa uti wa mgongo,
kisha miezi miwili ya kumgeuza kitandani.

"Kuna mwenye neno?" akauliza Meya.
Hita ikakohoa.
Nje tulisikia bapa la chuma
likikwangua lami ya maegesho yetu,
likienda, likirudi,
likitusafishia njia ya kwenda kulala.

Karani hana kauli kikaoni, ndiyo kanuni.
Zangu ni arobaini na nne.
Nilikisoma kifungu kwa sauti ileile
niliyosomea vipimo vya banda.
Nikaandika: *Hakuna aliyezungumza.*
Wote saba wakaafiki.
Dakika nne, pamoja na muda
wa Bi Vrbka kutafuta miwani.

Kikao cha Januari hufunguliwa kwa kusahihisha.
Lyle alikuwa Omaha, siku ya nne kati ya thelathini.
Meya akauliza kama kuna kosa lolote.
Mama yake Tamsin akanyoosha mkono:
ukurasa wa tisa, mstari wa chini.
Kuku haitwi Doris.
Anaitwa Dolores.

Niliomba radhi, na nilimaanisha.
Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono.
Nikafuta, nikaandika upya, herufi kwa herufi,
D-o-l-o-r-e-s,
na baraza likathibitisha kwa kauli moja
kwamba kumbukumbu sasa ni sahihi
na kamili.