Shimo la Tatu

Baba yangu, Ketill, alikuwa dereva wa lori la mafuta.
Kila Jumanne aliizunguka Kaldeyri, nyumba themanini na mbili,
akivuta mpira mweusi juu ya theluji
kama mtu anayemburuta ng'ombe mkaidi,
akijaza matangi ya kupashia nyumba joto.
Tulinuka mafuta. Mkate ulinuka mafuta.
Hata Kitabu cha Zaburi, ukikifungua.

Kisha vita vya mbali, katika nchi za jangwa,
vikapandisha bei, ikapanda tena,
Mama akafunga vyumba viwili kwa misumari
na sote sita tukahamia jikoni,
tukalala mzungu wa nne.

Ndipo serikali ikaja.
Haikuja na tarumbeta.
Ilikuja na mwanamke mmoja, Steinvör,
mkoba wa ngozi uliokatika mshikio,
akasimama katika banda la kukaushia samaki, akasema:
"Chini yenu kuna moto. Sijui ni wapi."

Diwani Hallgeir akauliza tulichokuwa tukikiuliza sote kimoyomoyo:
"Na tukichimba tukakosa?"
Maana tulikuwa watu mia tatu,
na shimo tupu lingetudai hadi wajukuu.

Akatoa karatasi, akasoma bila haraka:
Mkichimba mkapata, mtalipa mkopo kidogo kidogo.
Mkichimba mkakosa, hasara ni ya taifa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nimewasikia mawaziri wengi tangu siku ile,
mkasi mkononi, utepe mbele yao, upepo ukiwapeperusha tai.
Sijasikia tena sentensi ya serikali
inayowafanya wanaume wazima watazame viatu vyao
na kukohoa vile.

Shimo la kwanza: mita mia nne,
maji baridi, matamu, ya kunywesha kondoo.
Shimo la pili: jiwe likang'oa meno ya keekee
na fundi akarudi kwao na mkono kwenye bendeji.
Gazeti la mji mkuu likaandika
kwamba tunamwaga kodi ya wananchi ardhini.
Halikusema uongo.
Muuguzi wa kusini, mshona viatu wa mashariki,
watu wasioijua hata njia ya kufika kwetu,
walikuwa wamelinunua giza letu
lenye upana wa sahani.

La tatu lilikuwa Machi, usiku wa kuamkia Jumanne.
Kwanza ngurumo, kama sufuria inayotikisa kifuniko,
kisha mvuke ukasimama wima kuliko mnara wa kanisa.
Nyuzi themanini na sita.
Mchimbaji mmoja kijana alivua glavu akalia,
ingawa baadaye alisema ni mafua.

Asubuhi ile Baba aliwasha lori kama kawaida.
Alizunguka. Alijaza matangi.
Hakuna aliyethubutu kumwangalia usoni.

Maana ile karatasi, nzuri kama ilivyokuwa,
ilikumbuka mashimo makavu,
ilikumbuka mabomba, riba, miaka ya neema,
haikumkumbuka mtu mwenye lori.
Mama alimwandikia Steinvör barua mbili.
Ya pili ilijibiwa: samahani, hakuna fungu.

Vyumba vikafunguliwa. Misumari ikatiwa koponi.
Dada zangu wakaanza kulala miguu wazi
na kulalamika kuwa kuna joto mno.
Baba aliosha vikombe kwenye bwawa la kuogelea la mji,
akasafisha vigae, akastaafu,
kucha zake bado nyeusi kwenye kingo.

Lakini kila Jumanne, theluji ikianguka,
alichukua ufagio akapanda mlimani
kuvisafisha vifuniko vya chuma vya mashimo mawili ya mwanzo,
yale yasiyotoa kitu.
Nilimfuata mara moja, nikamwuliza kwa nini haya,
kwa nini si lile linalotupasha joto.

Akafagia kwanza hadi chuma kikaonekana.
"Lile lina watu wake," akasema.
"Haya yalilipiwa na wageni."