Pahala pa Mkoba

Baiskeli aliiunda kaka yangu Mbaruku
kwa mabomba ya kitanda na kiti cha plastiki alichokikata miguu,
mwaka ule daktari aliponiambia:
mgongo wako, mama, hautaki tena kuinama.
Basi naegama. Miguu mbele, kidevu juu,
kama mtu aliyekwenda kulala akakumbuka kazi.
Watoto wa Makorora wananiita Bi Kitanda.
Waniite.
Vitanda vyao havijawahi kufika Chumbageni.

Ila keria haina.
Nyuma ya kiti kuna hewa, na chini ya hewa gurudumu,
nami ni fundi wa vyerehani, siendi mikono mitupu:
bisibisi saba, kopo la mafuta, nyundo ndogo ya shaba,
bobini, sindano, mikanda ya ngozi.
Kilo tisa na nusu, kwa mizani ya muuza mkaa.
Mwezi mzima nimezipakata tumboni
nikihema kama mjamzito wa mapacha.

Nilianza na kamba ya katani.
Tanga hii, ukikosa vyote, katani hukosi.
Mafundo manne, mkoba mgongoni mwa kiti, safari.
Barabara ya Nane ukaanza kulalia kushoto,
ukinong'ona na spoku.
Ya Kumi na Moja, spoku zikajibu.
Nimeokota bobini kwa magoti mbele ya kinyozi,
na wateja wake wakatoka kunitazama,
mmoja amenyolewa nusu.

Nikaenda kwa Sempombe, mchomeleaji wa Mikanjuni.
Akaizunguka mara mbili, akavuta pua:
"Hii haina pa kushika. Tafuta ya kawaida, uketi kama watu."
Nikamshukuru kwa bei ya ushauri wake.

Usiku nikapima.
Futikamba shingoni, kalamu mdomoni, hesabu kwenye kiganja:
kiti hadi gurudumu, vidole sita;
bega la kiti hadi ekseli, shubiri mbili na ushei.
Kulipokucha nikalitwaa bomba la chandarua,
nikalijaza mchanga mkavu wa Raskazone,
nikaziba ncha kwa vijiti,
nikalikunja juu ya mkaa, polepole, polepole,
maana mchanga haukubali bomba livunjike kiuno.
Laiti nami ningejazwa mchanga
kabla ya miaka ishirini ya kuinamia gurudumu za watu.

Likatoka kama kiatu cha farasi.
Miguu yake nikaibana kwenye ekseli, kulia na kushoto,
kichwa chake kikaegemea kiti,
na kati ya chuma na chuma nikaviringisha tyubu kuukuu
wasije wakagombana njiani.
Mkoba nikaushona upya, turubai la lori,
kwa cherehani ya mteja asiyerudi tangu Mfungo Mosi
(nilikuwa naijaribu; ndiyo kazi yangu).
Mara ya kwanza niliweka nyundo juu, nikayumba kama mlevi.
Nikaishusha. Kopo nalo nikalishusha.
Mzigo haupendi kuning'inia. Unataka kuegemea.
Tumefanana.

Leo asubuhi, Sahare, Bi Mwanatumu kanitazama tumbo:
"Shoga, mkoba umeusahau?"
Nikanyoosha kidole gumba nyuma ya bega,
sikugeuka hata kichwa.

Jioni nilipita kwa Sempombe makusudi.
Alijifanya anachomelea. Moto hakuwasha.

Nati ya kulia bado ina kiburi,
kila nikivuka Mabanda ya Papa inalegea,
tiki, tiki, tiki,
nimeipa washa mbili, haisikii.
Basi nasimama ukingoni, mguu mmoja chini,
napeleka mkono nyuma, kulia, mfuko wa pili,
na spana iko pale pale
bila mimi kuinama.