Moja Bila

Nyuma ya ubao wa matokeo kuna chumba cha bati, kuna mimi,
Leocadio, mtundika namba.
Sifuri nimezirundika karibu na goti.
Kumi na saba zimeshapanda usiku huu,
chokaa yake imenishika viganjani kama unga wa muhogo.

Uwanja nauona kwa tundu, nusunusu:
bega la Peguero, mrushaji wa San Pedro,
mkono unakunjuka, gongo linakata hewa,
na La Romana yote inaguna.
Awamu ya sita mbwa aliingia uwanjani.
Alishangiliwa kuliko wachezaji wetu.

Sasa ni ya tisa, zamu yetu ya mwisho.
Yeudy kapewa kituo cha kwanza bure, mipira minne ya kombo.
Akaiba cha pili.
Mwenzake akaugusa mpira tu, akajitoa kafara; Yeudy yuko cha tatu.
Kisha pigo la Amaurys, aibu tupu:
mpira ukagaagaa nyasini kama kifaranga kilichopotezwa na mamaye,
na Yeudy huyo, kwa tumbo, vumbi, nyumbani.

Nikatafuta moja.
Bati la moja lilikuwa kabari ya mlango tangu Oktoba.
Nikalichomoa. Mlango ukajibamiza, taa ikazimika,
shangwe yote nikaisikia gizani, nikipapasa msumari.

Nilipochungulia tena, Peguero alikuwa bado pale juu ya kichuguu,
kofia mkononi, akiutazama ubao,
akinitazama,
kana kwamba ile moja nimeitoa mfukoni mwangu.