Kipimo cha Mkunazi

Ruwi, saa sita za Aprili, lami inanata kwenye ndara.
Zuweina anauzungushia mkunazi utepe
kama fundi ampimaye mtoto kanzu ya Idi:
sentimita mia na kumi na nne.
Anaandika. Hewa ukaa iliyohifadhiwa: kilo mia tatu na ushei.

Daftari halina safu ya kuuliza ilikuwa ya nani.

Miaka ishirini na sita baba yake
aliegesha teksi papa hapa, injini ikinguruma,
akikohoa, akingoja abiria wa Matrah.
Teksi imekuwa chuma chakavu. Yeye, udongo.
Moshi wao umo humu, umegeuka mti.

Manispaa inataka kupanua barabara.
Zuweina anapima tena, polepole,
shavu kwenye gome.

Kunazi moja inadondoka.
Anaila.